Lina Umri Gani? Kusoma Namba ya Gitaa la Zamani Mjini Juba

Chukua herufi moja tu, L. Kwenye bamba la chuma nyuma ya Fender, L inayotangulia tarakimu tano inaelekeza kwenye miaka ya 1963 hadi 1965. Kwenye Ibanez ya Japani ya miaka ya sabini, L hiyohiyo ni Desemba. Kwa Framus ya Ujerumani nayo ni Desemba, ila hukaa mwishoni, baada ya tarakimu mbili za mwaka: 64L ni Desemba 1964. Yamaha nao kwa muda mrefu waliandika herufi mahali pa tarakimu, na L kwao ni 5. Kwa hiyo anayeshika gitaa na kuuliza "namba hii ni ya mwaka gani?" bado hajauliza swali linalojibika. Kwanza ijulikane namba iliandikwa na kiwanda gani. Mwaka utafuata.

Juba jambo hilo halikisiwi, maana magitaa yameingia mjini kwa milango mingi. Baada ya mkataba wa amani wa Addis Ababa wa 1972, bendi kama Skylarks na Rejaf Jazz ziliuchangamsha mji, masikio yao yakiwa yameelekea Kampala na Nairobi kuliko Khartoum. Chombo kiliweza kupanda Naili na meli kutoka Kosti, kuja na lori kupitia Nimule au kuvuka kutoka Kongo. Vita vya 1983 hadi 2005 vikavuruga njia hizo zote. Amani iliporudi, watu walirejea kutoka Khartoum, Kampala, kambi ya Kakuma, hata Canada na Australia, kila mmoja na mizigo yake. Lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilipokamilika 2012, bidhaa za Uganda zikawa za kila siku. Kisha mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yakaleta uporaji, na vitu vikabadilisha mikono bila maelezo.

Katika hali kama hiyo risiti haidumu. Muuzaji wa soko la Konyo Konyo au la Custom atakwambia gitaa ni "original, la miaka ya sitini", na huenda anaamini kabisa anachosema, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa naye. Kilichobaki ni kuliuliza gitaa lenyewe.

Beba tochi ndogo, kioo cha kunyolea, bisibisi ya nyota, rula yenye milimita na simu yenye kamera nzuri. Omba ruhusa kabla ya kufungua skrubu hata moja. Na usiisugue namba kwa spiriti au petroli ili isomeke vizuri: namba nyingi za zamani ni wino uliogongwa juu ya mti na kufunikwa kwa vanishi nyembamba. Mfuto mmoja unaweza kufuta ushahidi na nusu ya bei. Vumbi la Juba liondoe kwa kitambaa kikavu, kisha piga picha ukimulika tochi kutoka ubavuni. Mwanga wa mlazo huonyesha hata namba iliyozama chini ya rangi mpya.

Gitaa kavu huficha habari zake tumboni. Chungulia kwenye tundu: lebo ya karatasi kwa kawaida imegandishwa kwenye mgongo, nawe utaisoma bila kioo. Kioo ni cha kutazama kule juu, kwenye gogo dogo linaloshika shingo, ambako viwanda vingine hugonga muhuri. Lebo ikiwa imebanduka, tafuta doa la mstatili lenye rangi tofauti na mti unaolizunguka. Halitakupa mwaka, lakini litakuhakikishia kwamba kuna kitu kilikuwepo. Kwenye gitaa la umeme anza na mgongo wa kichwa, kisha bamba la chuma pale shingo inapoungana na mwili.

Sasa tuje kwenye viwanda, kuanzia na Yamaha. Anayeota Gibson ya 1959 anaota ndoto halali, lakini gitaa la zamani atakalokutana nalo huku, la kanisani, la shuleni au la mzee aliyerudi, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka Asia. Yamaha walitoa FG-180, gitaa kavu la nyuzi za chuma, mwaka 1966, na zile za mwanzo zina lebo nyekundu. Kwenye lebo tafuta maneno Nippon Gakki. Hilo ndilo lililokuwa jina la kampuni hadi 1987, ilipojiita Yamaha Corporation, kwa hiyo lebo yenye jina hilo imeshakupa mwisho wa hesabu kabla hujagusa namba. Kisha ingiza kioo utazame lile gogo la shingo. Katika magitaa ya Japani ya wakati huo huwa kuna muhuri wa tarakimu zilizotengwa kwa nukta, kwa mfano 45.8.6. Usiusome kama 1945. Ni mwaka wa 45 wa Showa, enzi ya Mfalme Hirohito, na hesabu yake ni kujumlisha 1925: hilo ni gitaa la tarehe 6 Agosti 1970.

Katika namba za Yamaha za herufi, H ni 1, I ni 2, J ni 3, na kuendelea hadi P ambayo ni 9, huku Q ikisimama mahali pa sifuri. Kwa miezi, Oktoba, Novemba na Desemba hupewa X, Y na Z. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Tatizo ni kwamba herufi ya mwaka hurudi kila baada ya miaka kumi: NM ni Juni ya mwaka unaoishia na 7, lakini ni 1987 au 1997? Hapo namba imefika kikomo. Jina la modeli, ambalo liko kwenye lebo, ndilo la kumalizia kazi, kwa sababu modeli nyingi ziliuzwa kwa miaka michache tu na katalogi za zamani zimejaa mtandaoni.

Ibanez ni wepesi kusoma. Kabla ya 1975 hawakuandika namba. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka kumi, herufi ya kwanza ni mwezi, A hadi L, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. H781234 ni Agosti 1978, basi. Epiphone za Korea zinazoanza na S zilitoka kwa Samick, na nyuma ya herufi kuna mwaka na mwezi. Squier yenye ICS11 ni ya Indonesia, kiwanda cha Cort, 2011: gitaa zuri la kujifunzia, si la zamani hata likiwa limechakaa vipi. Chakavu na zamani hazina undugu. Jua, vumbi na safari chache nyuma ya bodaboda hulizeesha gitaa haraka kuliko miaka ishirini ya sebuleni.

Gibson ndiye mgumu, naye anastahili muda zaidi.

Magitaa yao ya umeme ya mwili mzima, yale ya 1953 hadi mwanzoni mwa 1961, yana namba ya wino nyuma ya kichwa, na tarakimu ya kwanza ndiyo mwaka. 9 0643 ni 1959. Baada ya hapo, hadi 1969, Gibson waligonga namba ndani ya mti na mpangilio ukavurugika: namba moja iliweza kutumika mara mbili, hata tatu, katika miaka tofauti. Hapa rula ndiyo mkombozi. Pima upana wa kile kijipande cha mfupa au plastiki kinachopitisha nyuzi kutoka kichwani kwenda shingoni. Hadi mwanzoni mwa 1965 kilikuwa na takriban milimita 43. Baadaye kikapunguzwa hadi karibu 40. Kwa hiyo namba inayoweza kuwa ya 1963 au ya 1967 huamuliwa na milimita tatu. Ukiruhusiwa kufungua pikapu, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, geuza utazame stika chini yake: maandishi ya kusema hataza imeombwa ni ya 1957 hadi karibu 1962, na baada ya hapo stika ikabeba namba ya hataza.

Kuanzia 1970 maneno MADE IN USA yaligongwa chini ya namba. Mwaka 1975 hadi 1977 namba ikawa stika, na mwanzo wake ni fumbo dogo: 99 ni 1975, 00 ni 1976, 06 ni 1977. Halafu, 1977, ukaja mpango mzuri kuliko yote, wa tarakimu nane. Ya kwanza na ya tano ni mwaka. Ya pili, ya tatu na ya nne ni siku ya mwaka. Tatu za mwisho ni zamu ya gitaa siku hiyo. Soma 80321123 polepole: 8 na 1 ni 1981, 032 ni siku ya thelathini na mbili, yaani tarehe 1 Februari, 123 iko chini ya 500, basi ni kiwanda cha Kalamazoo, Michigan. Ingekuwa 500 au zaidi ingekuwa Nashville. Kalamazoo ilifungwa 1984, kwa hiyo tofauti hiyo isikusumbue kwa gitaa la baadaye. Namba nyingi za 1994 huanza na 94, kwa ajili ya miaka mia ya kampuni, na kuanzia 2005 tarakimu ni tisa.

Mpango huo wa siku za mwaka ni mtego mzuri wa kunasia bandia. Mwaka hauna siku zaidi ya 366, kwa hiyo, ukiacha zile za 1994, namba ya tarakimu nane inayosema siku ya 412 imeandikwa na mtu asiyejua anachoiga. Siku ya 001 nayo itiliwe shaka: viwanda vya Marekani havifanyi kazi Mwaka Mpya. Kisha tazama kifuniko kidogo cha plastiki kichwani, kinachoficha ncha ya fimbo ya chuma ya shingo. Gibson hukifunga kwa skrubu mbili. Skrubu tatu, pamoja na jina Gibson, ni sababu tosha ya kurudisha pesa mfukoni. Na tovuti zinazosoma namba zisikupe usingizi mtamu: hupokea tarakimu na kurudisha tarehe, basi, hazijui gitaa lililo mikononi mwako ni la nani. Mwigaji anayenakili namba ya kweli hupewa tarehe ya kweli.

Kwa Fender uangalifu ni wa aina nyingine, kwani namba yao ya zamani ipo kwenye bamba linaloshikwa na skrubu nne. Dakika tano na bisibisi zinatosha kulihamishia gitaa jingine. Bamba lenye herufi kubwa F ni la 1965 hadi 1976, baada ya Leo Fender kuiuza kampuni kwa CBS mwezi Januari 1965. Tangu 1976 namba ikahamia kichwani: S ni miaka ya sabini, E ni themanini, N ni tisini, Z ni elfu mbili, na tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya muongo. S8 ni 1978. Usiamini kwa kufumba macho: stika zilichapwa mapema na kutumika zikiwa zimepitwa, hivyo E4 huonekana hata kwenye magitaa ya 1987, na mwanzoni mwa 1990 baadhi ya stika zilitoka kimakosa na N9 badala ya N0. JV ni Japani, 1982 hadi 1984, na ukiipata hiyo usiidharau. Wapigaji wengi wanaipenda kuliko za Marekani za wakati uleule.

Shahidi anayeaminika zaidi ndani ya gitaa la umeme la Marekani hana uhusiano na namba ya nje kabisa. Fungua kibao cha mbele, kigeuze taratibu bila kuzivuta nyaya, na utazame mgongo wa volyumu, kile chombo cha duara ambacho fundi redio yeyote wa Juba anakijua. Pembeni pamegongwa tarakimu. 137 ni mtengenezaji CTS. 304 ni Stackpole. Baada yake ni mwaka, kisha wiki. 1376632 ni CTS, 1966, wiki ya 32, yaani Agosti. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko volyumu yake ya asili, lakini linaweza kuwa na umri mdogo, tena sana: Fender walinunua shehena kubwa ya volyumu mwaka 1966 na wakaendelea kuzitumia kwa miaka kadhaa, hadi karibu mwisho wa muongo. Tazama pia risasi ya kulehemu. Ya kiwandani imefifia na ina umbo moja kila mahali. Iliyo safi na yenye kung'aa ni ya fundi, na volyumu inaweza kuwa imetoka kwenye redio.

Shingo ya Fender ikifunguliwa, kwenye kisigino chake mara nyingi kuna tarehe ya penseli au muhuri. Hiyo ni tarehe ya shingo, si ya gitaa. Miezi michache ya tofauti ni kawaida. Miaka sita ni gitaa la kuunganishwa, na linaweza bado kupiga vizuri sana.

Martin ni mfupi kueleza: wanahesabu mfululizo bila fumbo tangu 1898, walipoanza na 8000. Mwisho wa 1950 walikuwa wamefika 117961, mwisho wa 1960 walifika 175689, na milioni moja ikatimia 2004. Namba imegongwa kwenye gogo la shingo. Lakini kwa Martin mwaka una uzito wa kisheria pia. Hadi 1969 walitumia mti wa rosewood wa Brazil migongoni mwa magitaa yao ya bei ya juu, kisha wakahamia ule wa India. Mti wa Brazil uliwekwa kwenye daraja kali kabisa la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1992, na kuuvusha mpaka kibiashara kunahitaji cheti cha kuthibitisha umri. Kenya na Uganda ni wanachama. Magitaa ya aina nyingine za rosewood, yakiwa yamekamilika, yalipunguziwa masharti 2019.

Yapo pia magitaa yasiyo na namba ya maana, na Afrika yetu inayajua. Gallotone, yaliyotengenezwa Durban chini ya kampuni ya Gallo, yalisambaa kusini mwa bara, na moja lilimfikia kijana John Lennon mjini Liverpool mwaka 1957, likiwa na lebo ya kuahidi kwamba halitapasuka. Kwa gitaa kama hilo soma lebo kama mwanahistoria. West Germany ni kati ya 1949 na 1990. Czechoslovakia haikuvuka 1992. Anwani ya duka iliyogongwa kwa muhuri, hata ikiwa ni jina la mtaa tu, nayo ni ushahidi. Muulize pia mwenyewe: lilipigwa na bendi gani, lilikuja kwa meli au kwa lori, lilikuwepo kabla ya vita vya 1983? Mtu husahau mwaka, lakini ni nadra kusahau njia aliyopitia.

Ukishamaliza, andika matokeo kwa upana unaostahili. "Kati ya 1965 na 1967, shingo ya asili, volyumu moja imebadilishwa" ni jibu la mtu anayejua kazi. "1966" tupu, bila ushahidi wa pili, ni bei ya muuzaji. Na kama gitaa ni la kwaya au la bendi, nakili namba kwenye daftari pamoja na modeli, piga picha ya kichwa, mgongo, lebo na kila mkwaruzo unaolitambulisha, kisha tuma nakala kwa mtu anayeishi nje ya Juba.